Mikoko ya Banana

Nchi yetu ni kubwa mno, lakini mlango wake wa baharini ni mwembamba: pwani yote ina urefu wa kilomita 40 hivi. Msomaji wa Kalemie au Kindu asidhani kwamba pwani hiyo haimhusu. Maji ya ziwa Tanganyika hutoka kwa mto Lukuga, huingia katika Lualaba, na safari yao huishia hapa Banana, yanapokutana na Atlantiki.

Tuliondoka Moanda alfajiri, tukafuata njia ya pwani, kisha tukapanda mtumbwi ili tuitembelee Hifadhi ya Mikoko. Serikali iliianzisha mwaka 1992. Na tangu mwaka 1996 imeandikwa katika mapatano ya Ramsar, yanayolinda nchi za majimaji.

Mkoko ni mti wa ajabu. Huota pale maji ya chumvi na ya mto yanapochanganyika, pasipoweza kuishi miti mingine. Mizizi yake husimama juu ya tope kama miguu mingi. Hushika udongo usichukuliwe na mawimbi, na kati yake samaki wachanga hujificha na kukua. Nguva, mnyama mpole alaye majani ya majini, hukaa humu, ingawa siku ile hakujionyesha. Usiku kasa hupanda ufukweni kutaga mayai mchangani.

Lakini jirani za hifadhi ni wengi. Mafuta yanachimbwa baharini tangu mwaka 1975, na huko Moanda moto wa gesi huwaka mchana na usiku. Wenyeji hukata mikoko kwa kuni na kwa kukausha samaki. Na mwaka 2022 liliwekwa jiwe la kwanza la bandari ya maji marefu, papo hapo Banana.

Tusiwe wepesi kuilaumu bandari hiyo. Meli kubwa haziwezi kupanda mto hadi Matadi. Basi mizigo mingi hushushwa katika bandari za nchi nyingine, na bei huongezeka kabla bidhaa hazijafika sokoni kwetu. Vijana wa Moanda nao wanahitaji kazi. Mvuvi aliyetupeleka alituambia, «Mwanangu apate kazi bandarini, nitafurahi. Lakini samaki wakiisha, wale wasioajiriwa watakula nini?»

Swali hilo ni la haki. Bandari huleta barabara na watu, na watu hutaka kuni, viwanja na nyumba. Kama mipaka ya hifadhi haitaheshimiwa tangu mwanzo, hakuna atakayeirudisha baadaye, maana tope lililokosa mizizi huchukuliwa na bahari. Bandari na ijengwe, lakini mikoko ihesabiwe kuwa mali, wala si kichaka kisicho na mwenyewe. Mkulima mwenye busara hauzi mbegu zake ili anunue jembe.