Bi harusi, andika maswali yako

Tangu nihamie Mbezi Luis, naona wajawazito wakiwahi foleni ya kliniki mara tu baada ya swala ya alfajiri. Muuguzi ni yuleyule mmoja: apime presha, ajaze kadi, achome sindano. Kwa wingi wetu, maswali ya dalili za hatari huweza kurukwa.

Wauguzi huajiriwa kwa bajeti. Mwaka 2001, mjini Abuja, nchi za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi ni deni.

Tukiendelea kulidai, andika maswali yako nyumbani, nenda na mumeo. Kichwa kuuma sana, uso kuvimba, kutokwa damu: vitaje mwenyewe, usisubiri kuulizwa. Uhai wako ni amana.