Pembe ya Baruti

Jirani yangu wa Columbus, katika jimbo la Ohio, alikuwa mzee wa Kimarekani ambaye mapenzi yake makubwa duniani, ukimwondoa mkewe, yalikuwa gobori. Nasema gobori, msomaji, wala sisemi bunduki, kwa kuwa yeye mwenyewe alizipambanua mbili hizo kama sisi tunavyopambanua jahazi na boti ya mashine. Bunduki za kisasa hakuwa nazo wala hakuzitaka. Alitaka ile inayomiminiwa baruti mdomoni, ikashindiliwa risasi kwa mdeki, ikavishwa fataki, kisha ikalia mara moja tu na kumwacha mpigaji ndani ya wingu la moshi mweupe, akingoja kuona kama amepata au amekosa. Kila mwaka alifunga safari kwenda Friendship, kijiji kidogo cha Indiana, penye viwanja vya chama cha taifa cha wapiga magobori kilichoasisiwa mwaka 1933, akarudi na koti linalonuka kiberiti. Niliipenda harufu ile kwa sababu ambayo sikumweleza mpaka tulipokuwa tumekwisha kujuana miaka mingi.

Alifariki majira ya baridi. Katika wasia wake gobori aliliacha kwa mjukuu wake aliyeko Kentucky, kijana mtu mzima mwenye mke na watoto. Mjane wake, ambaye tangu zamani nilizoea kumwita Bibi kwa Kiswahili naye akaitika, alinibishia hodi asubuhi moja na kuniomba nimsaidie kulipeleka posta. Nilidhani sikusikia vizuri. Mimi nimekulia Wete, katika nyumba ambamo neno bunduki lilitajwa kwa sauti ya chini, na sasa naambiwa tuibandike stempu.

Ikanilazimu kusoma.

Asili ya masharti hayo ni msiba. Bunduki iliyomuua Rais Kennedy mjini Dallas, tarehe 22 Novemba 1963, iliagizwa kwa kuponi iliyokatwa gazetini, kutoka duka la Chicago, kwa jina la bandia, na posta ikaifikisha katika sanduku la kukodi kama inavyofikisha viatu. Miaka mitano baadaye Martin Luther King na Robert Kennedy nao wakapigwa risasi, na mwaka huohuo wa 1968 ikapitishwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha, ikakataza mtu wa kawaida kuletewa bunduki kutoka jimbo jingine isipokuwa ipitie kwa muuzaji mwenye leseni. Lakini waandishi wa sheria hiyo waliacha mlango mdogo wazi. Silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake waliiita ya kale, na ya kale wakasema si silaha kwa maana ya sheria ile. Wakaingiza pia mfano wake uliotengenezwa leo, almuradi hautumii risasi za kisasa zenye ganda. Mwaka 1998 yakaongezwa maneno ya kuyataja waziwazi magobori ya baruti nyeusi, hata yakiwa mapya kutoka kiwandani, ila yale yanayoweza kugeuzwa kwa urahisi, kwa kubadilishwa mtutu au kufuli la nyuma, yakapiga risasi za ganda.

Hebu litazame jambo hilo. Jirani yangu alinunua vipande akaliunga gobori lake ndani ya gereji mwaka 1986, akiiga zile bunduki ndefu ziitwazo za Kentucky, ambazo kwa hakika chanzo chake ni mafundi wa Kijerumani wa Pennsylvania katika karne ya 18. Mimi ni mkubwa kuliko gobori lile kwa miaka mingi. Hata hivyo mbele ya sheria lenyewe ni la kale, nami bado. Ukale wake haumo katika umri, umo katika namna linavyokula: linakula kwa mdomo, tonge moja kwa wakati.

Bastola zina habari zake tangu sheria ya mwaka 1927, nami siingii humo. Letu lilikuwa refu. Majimbo nayo huweza kuwa na masharti yao juu ya yale ya taifa, kwa hiyo tuliuliza kwanza huku na kule, tukaambiwa hakuna kizuizi.

Sharti la kwanza ni kwamba liwe tupu, na kujua kama gobori ni tupu si jambo la kuchungulia. Mdeki unatumbukizwa ndani ya mtutu mpaka ugote, unatiwa alama penye mdomo, kisha unatolewa na kulazwa juu ya mtutu kwa nje. Ukifika kwenye kifa, pale panapovishwa fataki, ndani hamna kitu. Ukipungua vidole vitatu au vinne, mna kitu. Magobori yamewahi kukutwa yametundikwa ukutani kwa vizazi, yakiwa bado yameshindiliwa na mikono iliyokwisha kuoza. La kwetu lilikuwa tupu. Tukalizungushia blanketi, tukalilaza katika sanduku refu la kadibodi. Posta ya Marekani haipokei kifurushi kinachozidi ratili 70, wala ambacho urefu wake ukijumlishwa na mzunguko wake unapita inchi 108, au 130 kwa huduma ya bei nafuu. Chetu kilikuwa ndani ya kiasi. Juu ya sanduku hatukuandika neno la kujulisha kilichomo, na tukalipia mpokeaji atie sahihi. Kabla hatujafunga, Bibi akaongeza vitu vingine vya marehemu pembezoni: mfuko wa ngozi, kopo la risasi za duara, na pembe ya ng'ombe yenye kizibo cha mbao.

Posta karani akatuuliza swali waulizwalo watu wote: je, ndani mna kitu cha kuvunjika, cha majimaji, cha kuoza, au cha hatari? Bibi akajibu hapana, kwa moyo safi. Akaliinua sanduku kuliweka juu ya mizani, likainama upande mmoja, nami nikasikia. Ilikuwa sauti ndogo mno, kama mtama unaoteleza ndani ya kibuyu. Mwili wangu uliijua kabla ya akili. Nikamwambia karani kuwa tumesahau kitu, nikalikumbatia sanduku, nikamshika Bibi mkono, tukatoka.

Sauti ile niliizoea jikoni kwa bibi yangu mzaa baba. Babu alikuwa na gobori, akifukuzia tumbili katika shamba la muhogo na kulialisha kwenye harusi. Usiku mmoja wa Januari 1964, habari za Unguja zilipofika Wete, alilifunga kwa gunia, akaenda nalo mikokoni maji yalipojaa, akarudi mikono mitupu. Hakuna aliyemwamuru. Hakungoja kuulizwa kama ni la kale au la sasa, la kuulia mtu au la kutishia tumbili. Alijua kwamba katika majuma kama yale nyumba ama ina bunduki ama haina. Pembe ya baruti hakuitupa. Nimejiuliza mara nyingi kama aliisahau au mkono ulikataa. Bibi akaimwaga baruti chooni, akaiosha pembe, akaitia mbegu za pilipili na kuitundika juu ya meko.

Mimi nilizaliwa baadaye, na utotoni nilipenda kuitikisa. Ilikuwa ikilia hivyohivyo, na ukiinusa, nyuma ya ukali wa pilipili palikuwa na harufu nyingine ambayo maji hayakuitoa. Babu akiwapo nyumbani hatukuthubutu kuitikisa. Sikumsikia hata siku moja akilitaja gobori lake. Maneno yake yote, mdeki na kifa, korofindo na gumegume na marisau, niliyaokota kwa wazee wengine na katika tungo, nikayapenda kwa mlio wake kama tunavyoyapenda wengi wetu, bila kupata kumwona mtu anayeyatumia kwa kazi. Mtu huyo nilikuja kumwona Ohio, naye alikuwa na maneno mengine. Nilipomsimulia habari za mikokoni aliniuliza jambo moja tu: mtutu ulikuwa na urefu gani? Nikasema sijui. Akahuzunika kwelikweli, huzuni ya fundi, na mpaka leo sijapata kuambiwa pole iliyonigusa zaidi.

Tuliporudi nyumbani tuliifungua ile pembe juu ya gazeti. Zikamwagika punje nyeusi zing'aazo, zikatosha kujaza kikombe cha kahawa. Baruti nyeusi ni kitu cha zamani na mapishi yake hayajabadilika sana: katika sehemu 100, shura sehemu 75, makaa 15, kiberiti 10. Hiyo posta haiichukui kwa vyovyote, iwe kwa ndege au kwa gari, hata kijiko kimoja, na fataki nazo vivyo hivyo. Auzaye huipeleka kwa wachukuzi wenye idhini ya vitu vya hatari, na mnunuzi huongezewa ada. Kuwa nayo nyumbani si kosa: sheria ya taifa inamwachia mtu baruti nyeusi ya kiwandani isiyozidi ratili 50, almuradi ni ya kutumiwa katika silaha za kale kwa mchezo, kwa burudani au kwa utamaduni. Neno utamaduni limo ndani ya sheria ya vilipuzi. Nililisoma mara mbili.

Basi gobori linapita na baruti haipiti. Mti na chuma ni mzigo kama mizigo mingine. Silaha ni zile punje. Nadhani babu angelikubali, ingawa si kwa faida yake.

Watu wa mwambao hawakuwa wageni wa kupambanua namna hii. Mkataba aliofunga Sayyid Said na Marekani tarehe 21 Septemba 1833 uliwafungulia Wamarekani bandari zake zote wauze watakacho kwa wamtakaye, isipokuwa bunduki, baruti na risasi, ambazo kisiwani Unguja waliruhusiwa kuiuzia Serikali peke yake. Meli za Salem zilizoleta merikani zilileta na baruti, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Kisha ukaja Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao Zanzibar nayo imo miongoni mwa waliotia sahihi. Huo ulizuia silaha kuingizwa Afrika kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi 22 kusini, zaidi zile mpya zenye mtutu wa mifuo, na kuachia chini ya uangalizi bunduki za gumegume zenye mtutu laini pamoja na baruti ya biashara. Mkataba ulitungwa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, na sehemu ya nia hiyo ilikuwa ya kweli. Lakini siwezi kuusoma bila kuona upande wa pili: Marekani ya leo inaliachia gobori kwa kuwa haliogopwi tena, na wale wa 1890 walituachia gumegume kwa kuwa wao walikwisha kuwa na kitu kingine. Ruhusa ni ileile, na aliyepewa hakupewa kitu kimoja.

Baruti nyeusi adui yake ni maji. Shura huyeyuka, na kinachobaki hakishiki moto. Bibi akaleta ndoo, akamimina punje polepole, nami nikataka kumpokea mti wa kukorogea. Akanikatalia. Akasema marehemu ndiye aliyeijaza pembe ile, mezani pale pale, mara ya mwisho alipotoka Indiana, na kwamba alikuwa akizungumza huku akijaza lakini yeye hakumsikiliza alichosema. Nikamwachia akoroge mwenyewe. Maji yakawa meusi kama wino. Akayamwaga chini ya mawaridi yake, akasimama hapo kwa muda bila koti, na baridi ile.

Pembe tuliiosha kwa maji moto na sabuni mara tatu, tukaianika dirishani siku mbili. Niliinusa. Nikamwambia harufu haijatoka yote, wala haitatoka. Akasema ni vizuri.

Tuliporudi posta tulimkuta karani yuleyule, akauliza swali lilelile. Safari hii Bibi hakujibu, alinigeukia mimi. Nikaliinamisha sanduku upande mmoja, kisha wa pili, nimeliwekea sikio, na watu wa foleni wananitazama. Nikasema hamna.

Kifurushi kilifika Kentucky siku ya tatu. Mjukuu alipiga simu jioni hiyo, akamshukuru bibi yake, akaniomba nami anishukuru, kisha akauliza kwa nini pembe ya babu inanuka sabuni.