Anza na njia

Goba, Dar es Salaam

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umeingia mwaka wa pili wa mipango miji pale Chuo Kikuu Ardhi, na kwamba mmepewa kazi ya kupanga usafiri wa mji unaokua. Nimefurahi mno. Somo hilo mimi nimelisoma kwa miguu, kwa hiyo nina la kukuambia.

Kiwanja hiki nilikinunua mwaka 1998. Muuzaji alipima kwa hatua zake mwenyewe, akachomeka minyaa kwenye pembe, na njia akaiacha upana wa mkokoteni. Hakuna aliyehoji, maana palikuwa na mikorosho mitupu. Leo mikorosho imekwisha, nyumba zimebanana, njia ni ileile. Mwezi uliopita jirani yetu alishikwa na uchungu usiku wa manane, gari likashindwa kuingia. Tulimpakia kwenye bodaboda, mumewe akamkumbatia kwa nyuma, mimi nikatangulia na tochi mpaka kwenye lami. Tunamshukuru Mungu, alijifungua salama.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu milioni moja wameongezeka kwa miaka kumi, na wengi tumejenga pembezoni, kwenye ardhi ya bei nafuu. Kazi zimebaki katikati ya mji, Posta na Kariakoo. Ndiyo maana alfajiri sote tunaelekea upande mmoja. Simama kituoni saa kumi na moja utaona watu wanageuza na gari: mtu anakwenda mjini, lakini anadandia daladala linalotoka mjini, analipa nauli mpaka mwisho wa njia, ili likigeuza awe ameshapata siti. Nauli mbili kwa safari moja! Na pale mlangoni amesimama mwanafunzi, ambaye nauli yake ni pungufu, konda kamwekea mkono kifuani mpaka watu wazima waishe kupanda. Mtoto yule hufika shule kipindi cha kwanza kimekwisha. Ukichora mistari yako, mchore na yeye.

Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, nilipanda kwa furaha ya kitoto. Basi moja lilibeba watu zaidi ya mia, likayapita magari yaliyojipanga foleni, mengi yakiwa na mtu mmoja mmoja. Pale nilielewa kwamba barabara ipimwe kwa watu inaowapitisha, wala si kwa magari. Lakini karakana ya mabasi yale iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, na mvua kubwa zikaifurisha. Mwaka 2017 nao nyumba nyingi zilibomolewa kuanzia Kimara kuelekea Kibaha ili barabara ya Morogoro ipanuliwe. Niliona watu wakichomoa madirisha yao wenyewe kabla tingatinga halijafika. Hayo yote ni gharama ya kuchelewa kupanga. Barabara pana ni rahisi kuitenga palipo na mikorosho. Palipo na watoto waliolala ni machozi.

Kwa hiyo watakapokupa ramani ya pori lolote, usianze na viwanja. Anza na njia: ya basi, ya mtembea kwa miguu, ya maji ya mvua. Watakuambia ardhi ya njia hizo inakaa bure. Wakatalie.

Huku mtaani tumeanza urasimishaji wa makazi, na kila mwenye nyumba ameombwa kurudisha ukuta nyuma ili njia ipanuke. Nimekubali kutoa mita moja na nusu. Fundi anaanza Jumamosi asubuhi. Njoo unishikie kamba ya kupimia.

Mjomba wako akupendaye