Korogwe, mji ambao mbwa hukimbia ukiinama tu

Mtu akiinama kufunga kamba za viatu katika mitaa ya Manundu, mbwa aliye hatua 20 mbele yake hufyata mkia na kukimbia. Hakuna jiwe lililorushwa. Mbwa ameona mkono ukishuka chini, na hiyo inamtosha. Watoto wa mjini hapa huijua mbinu hiyo kabla hawajaanza darasa la kwanza.

Korogwe iko kando ya Mto Pangani, kwenye barabara kuu itokayo Segera kwenda Moshi na Arusha, na kelele zake haziishi. Mabasi hupiga honi, bodaboda hupita zikinguruma, spika za harusi hukesha. Treni nayo imerudi. Reli ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893, ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria, hadi safari za Dar es Salaam kwenda Moshi ziliporejea Desemba 2019 zikipitia hapa. Mbwa aliyezaliwa wakati reli imelala hakuelezwa na mtu kwamba honi ile haina ubaya.

Ukitoka nje ya mji, kwenye mahindi yanayopakana na mkonge, mbwa ndiye mlinzi dhidi ya ngedere, nyani na nguruwe pori. Mjini hulinda kuku na mlango. Wachache sana huguswa na mkono wa binadamu. Katika familia nyingi za Kiislamu mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo hulala nje, ingawa dini inaruhusu kumfuga kwa ulinzi, mifugo au kuwinda. Kulala nje hakumdhuru. Kinachomharibu ni mawe, teke la kila anayepita na mnyororo mfupi.

Mbwa aliyeharibika hivyo ni suala la afya ya mtoto. Akibanwa kwenye kona, mwoga hung'ata upesi, na mtoto kwa kimo chake hung'atwa usoni au kichwani. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kuna jingine ambalo wazazi hulisahau: ofisa mifugo anapokuja na chanjo, mwenye mbwa ndiye humshika. Asiyeshikika huruka uzio na kukaa bila kinga mwaka mzima. Wataalamu wanataka angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili kichaa kikome kusambaa, na waoga hao ndio huangusha hesabu.

Kumtuliza hakuhitaji kumgusa, na hilo linazifaa nyumba nyingi za hapa. Mtu mzima mmoja, saa ileile kila siku, anakaa chini ubavu, bila kumkazia macho, anatupa kipande cha ugali au kichwa cha dagaa mbali kidogo naye, kisha anaondoka. Basi. Kesho tena. Baada ya siku kadhaa chakula kinaanguka karibu zaidi, na mbwa ndiye anayeamua kusogea. Akiogopa bodaboda, alishwe pale anapozisikia kwa mbali, si kando ya lami. Kibanda chenye kivuli, mgongo ukiwa ukutani, kinamsaidia kuliko mnyororo. Kazi hii ni ya wiki, pengine miezi, na teke moja hurudisha nyuma mengi.

Watoto wafundishwe kumsoma. Masikio yaliyolala nyuma, kulamba midomo pasipo chakula, kupiga miayo, kugeuza kichwa pembeni: yote hayo ni kuomba nafasi. Akinguruma, asipigwe. Anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kung'ata bila kuonya.

Wapo wanaohofia kwamba mbwa mpole hatalinda. Hofu hiyo haina msingi. Mwoga hubwekea jani, mbuzi na mjomba, mwishowe wenye nyumba hawaamki tena. Aliyetulia hubweka kunapokuwa na sababu.

Mbinu hizi zina mpaka. Mbwa aliyebadilika ghafla, mpole akawa mkali au mkali akawa mpole kupita kawaida, anayetoka udenda, anayeyumba au sauti yake imebadilika, asikaribiwe. Huyo ni wa kuripotiwa kwa ofisa mifugo, kwa kuwa huenda ni kichaa.

Mtoto akishang'atwa, hata mchubuko mdogo tu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Mafuta ya taa, majani na pilipili havina kazi hapo. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa binadamu, karibu wote hufa, na huweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza, wakati kidonda kimeshapona na nyumba imeshasahau.

Watoto wengi huficha walichofanyiwa na mbwa kwa kuogopa kuchapwa, hasa kama wao ndio walianza kurusha mawe. Mzazi amwambie mwanawe leo, kabla lolote halijatokea, kwamba akija na jeraha la mbwa hatagombezwa wala kuulizwa nani alianza; maji na sabuni kwanza.