Lini Kabla ya Nini

Tangu tumzike Mzee aliyenifundisha uwakili, vijana wanaokuja kuniuliza waendelee na sheria au waiache wameongezeka. Labda wanadhani aliniachia jibu. Aliniachia ubishi ambao hatukuumaliza, na nauandika sasa nikiwa nimestaafu na kumbukumbu bado ninazo.

Nilizaliwa Tanga, baba karani wa bandari, mama akikaanga maandazi ya kuuza. Shule nilizopita hazina jipya la kusimulia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, kilinipa shahada. Siku hizo Shule ya Sheria, anakopita mhitimu sasa kabla ya kuwa wakili, haikuwapo. Mhitimu alifanya mafunzo ya vitendo mwaka mzima chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha akahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria ndipo aombe kuapishwa. Sehemu ya mafunzo hayo niliifanyia ofisini kwa Mzee, Tanga.

Nilichoka mapema. Asubuhi kunakili hati, mchana kusubiri masijala faili ambalo halionekani, kesho yake shauri linaahirishwa kwa sababu hakimu kasafiri. Kufikia Januari 1996 barua yangu ya kuomba ualimu wa sekondari ilikuwa tayari mfukoni, maana somo la Historia nililipenda tangu utotoni. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alikwisha kusema mbele ya makarani kwamba mtoto wa muuza maandazi hawezi kusimama Mahakama Kuu. Yeye hakufika kuapishwa.

Mzee alikuwa na utaratibu mmoja asioubadili. Mteja akikaa, hakumuuliza yamemfika nini. Alimuuliza lini. Alichukua karatasi, akapiga mstari wima katikati: kushoto tarehe, kulia ushahidi wa kila tarehe. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 inampa mdai miaka 6 kwa mkataba, 3 kwa madai ya madhara, 12 kwa kudai ardhi. Muda ukipita, mdaiwa analeta pingamizi na shauri linatupwa kabla hata mdai hajafungua mdomo. Kwa hiyo Mzee hakupenda machozi ofisini. Aliyaona yanampotezea mteja fedha.

Akaja mama mmoja wa Ngamiani. Alinunua nyumba kwa fedha zake za biashara ya vitenge, shemeji yake akamtoa humo na kuanza kukusanya kodi za wapangaji. "Lini?" Mzee akauliza.

"Sijui mwanangu. Kama miaka kumi na mitatu hivi."

Mzee akaweka kalamu chini. Akamweleza kwa heshima kwamba sheria imeshafunga, akamrudishia bahasha yake. Nikamsindikiza mama hadi barazani, naye akaendelea kusimulia kama mtu asiyesikia alichoambiwa. Akasema siku redio ilipotangaza Sokoine kafariki alikuwa anafua uani kwake.

"Uani wapi, mama?"

"Si pale pale kwenye nyumba yangu! Shemeji alinitoa baadaye, mfungo haujaingia."

Nikarudi ndani mbio. Waziri Mkuu Sokoine alifariki tarehe 12 Aprili 1984, na Ramadhani ya mwaka ule iliingia mwanzoni mwa Juni. Miaka 12 haikuwa imetimia. Mzee alinitazama, akachukua kalamu, akapiga mstari wake upya. Mwezi wa Machi hati ya madai ilikuwa mahakamani, na pingamizi la muda lilipoletwa halikusimama. Barua ya ualimu sikuipeleka.

Hapo ndipo tulipobishana kwa miaka yote iliyofuata. Mzee alisema nilibahatika. Mimi nasema watu wetu wengi hawaweki tarehe, wanaweka misiba, vita vya Kagera, mwaka Mwalimu Nyerere alipong'atuka, mvua iliyobomoa daraja. Ukiwauliza lini, watakubahatishia. Waache wasimulie, tarehe itatoka yenyewe. Mstari wa Mzee niliutumia hadi siku ya mwisho ofisini, lakini niliujaza baada ya kusikiliza.

Nayasema haya kwa sababu ya vijana. Mwaka 2022 zilipotangazwa habari kwamba kati ya watahiniwa 633 wa Shule ya Sheria waliofaulu moja kwa moja ni 26, nilipokea simu za wazazi wakilia. Wengi waliamua wiki ileile kwamba mtoto hafai, wengine wakamlazimisha aendelee ili ukoo uwe na wakili. Wote wanaukosea moyo wa kijana. Mtihani haujui kama unaipenda kazi, na shangazi anayekuita "wakili wetu" hajui pia.

Kama kinachokuchosha ni makaratasi, foleni za masijala na Kiingereza cha vitabu, vumilia, hayo yanazoeleka. Kama kinachokuchosha ni watu wenyewe na shida zao, ondoka mapema ukafanye kazi nyingine kwa heshima zote, kwani hakuna ada ya uwakili itakayokutibu. Ila kabla hujaandika barua ya kuacha, kaa na mteja mmoja, usimkatize, mpaka amalize.