Bata wa moshi, jamani!

Baba mdogo alisoma Chengdu, na tangu arudi wimbo wake ni mmoja tu: bata wa moshi. Mwezi huu katimiza miaka 70, nami nikajitapa kwamba bata huyo nitampata hapa hapa Dar.

Loo! Mgahawa wa kwanza, kule Masaki, wakatuletea bata wa Beijing. Ngozi inang'aa, inavunjika kama kaukau. Mtamu kweli, lakini huyo huokwa tu. Wa Sichuan ana mlolongo, bwana: anasuguliwa chumvi na pilipili ya kwao ile inayotia ganzi ulimini, anafukizwa moshi wa majani ya chai na mti wa kafuri, anapikwa kwa mvuke, halafu ndo anakaangwa.

Mgahawa wa pili, bata kapakwa sosi ya soya, basi. Mzee akanusa, akasukuma sahani. Mshiko wangu nao unakata roho.

Wa tatu uko uchochoroni, hata kibao hauna. Mzee akaongea Kichina na mpishi, wakacheka sana. Tukaambiwa turudi Jumamosi.

Jumamosi sahani ilipofika, mzee hakusema neno. Alikula paja zima, akafuta macho, akasingizia pilipili.