Tafuta Bomu, Acha Daftari Langu

Kwenye foleni ya ukaguzi ya uwanja wa ndege huwezi kuwakosa watu wawili. Wa kwanza analalamika kila hatua: mkanda nivue wa nini, viatu vya nini, kwani sisi ni magaidi? Wa pili anamjibu kwa sauti ya hekima: "Ndugu yangu, kama huna cha kuficha unaogopa nini?"

Leo nataka kubishana na wote wawili.

Nianze na mlalamikaji. Sisi tunaofanya kazi ya habari Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya pekee ya kutokubaliana naye. Sababu hiyo inaitwa Mohamed Amin.

Vijana wengi wa rika langu hawamjui. Mo Amin alikuwa mpiga picha wa habari, Mkenya mzaliwa wa Nairobi, ambaye kazi aliianzia hapa hapa Dar es Salaam. Ni hapa alipofungua kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963. Picha alizopiga za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliifanya dunia nzima iinuke. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Vita vyote alivyovipiga picha havikumuua. Kilichomuua ni safari ya kawaida ya kurudi nyumbani.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi, yeye na mhariri wake, Brian Tetley. Njiani watu watatu wakaingia chumba cha rubani, wakachukua shoka la dharura la ndege yenyewe, wakasema wana bomu na wanataka kupelekwa Australia. Rubani aliwaambia mafuta hayafiki. Hawakuamini. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini karibu kabisa na ufukwe wa Ngazidja, visiwa vya Komoro. Ndani walikuwamo watu 175. Walikufa 125, na Mo Amin akiwa mmojawao.

Na lile "bomu"? Ilikuja kufahamika kwamba ilikuwa chupa ya pombe iliyofunikwa.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Utasema kwamba mashine ya eksirei isingeizuia chupa ile, na shoka lilikuwa la ndege yenyewe. Kweli. Lakini jiulize kwa nini mtu mwenye chupa aliweza kushika maisha ya watu 175. Ni kwa sababu aliposema "nina bomu", hakuna aliyekuwa na uhakika wa kumjibu "huna". Faida ya kwanza ya ukaguzi ni kukamata silaha. Faida ya pili, ambayo hatuisemi, ni kuufanya uongo wa namna ile usiaminike.

Na tusijidanganye kwamba hayo ni mambo ya wengine. Februari 1982 vijana wa Kitanzania waliteka Boeing 737 ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kuja Dar es Salaam. Ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens, ikaishia Stansted, Uingereza. Walichotaka ni Mwalimu Nyerere ang'atuke. Novemba 2002, pale Mombasa, magaidi walirusha makombora mawili kuilenga ndege ya abiria iliyokuwa inapaa. Yalikosa. Kwa hiyo bwana mlalamikaji, vua mkanda wako, weka kwenye trei, twende.

Sasa nihamie kwa yule wa pili, mwenye hekima. Huyu ndiye ananitisha zaidi.

Ukaguzi wa abiria wote kama tunavyoujua ulianza Marekani tarehe 5 Januari 1973, baada ya miaka kadhaa ya ndege kutekwa kila mara. Katiba yao, katika Marekebisho ya Nne, inakataza dola kumpekua mtu bila sababu ya msingi. Abiria anayekwenda kumsalimia shangazi yake hana kosa lolote. Inakuwaje basi apekuliwe?

Mahakama zao zilikubali, lakini kwa sharti. Mwaka huo huo wa 1973, katika shauri la Davis, mahakama ya rufaa ilisema kwamba upekuzi wa uwanjani hauwi halali kwa sababu unakamata wahalifu. Ni halali kwa sababu lengo lake ni kuzuia silaha na milipuko isiingie kwenye ndege. Kwa hiyo usipite kipimo cha lengo hilo. Na abiria asiyetaka, akasema mahakama, anayo njia: asisafiri.

Ni msingi mzuri. Ila hilo neno "asisafiri" liangalie vizuri. Mwaka 2007 mahakama ile ile ilipata kesi ya bwana mmoja wa Honolulu, Aukai, ambaye alipoona anapekuliwa zaidi alisema basi, nimeghairi safari, naondoka. Wakamkatalia. Mahakama ikasema ukishaanza kupita kwenye ukaguzi huwezi kujitoa katikati, maana ikiruhusiwa hivyo gaidi atajaribu leo, akikaribia kukamatwa anaghairi, kesho anarudi. Hoja hiyo naielewa. Lakini maana yake ni kwamba ile hiari tunayoambiwa tunayo inaisha pale unapoweka begi lako kwenye mkanda wa mashine.

Kama hiari haipo, kinachobaki kumlinda abiria ni kitu kimoja tu: lile lengo. Tafuta silaha, ukimaliza niache niende. Lengo likilegezwa, hakuna kinachobaki.

Na lengo linalegezwa kila siku, kwa njia ndogo ndogo.

Mwaka jana nilikuwa narudi kutoka safari ya kikazi, kwenye uwanja mmoja wa ndege ambao sitautaja. Mbele yangu alikuwapo mama mtu mzima, amejifunga ushungi. Mashine haikulia. Kijana wa ukaguzi akamwambia, "Mama, vua hicho kitambaa."

"Mwanangu, mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

Yule mama alishika pindo la ushungi wake, akatazama chini. Watu nyuma wakaanza kuguna kwamba anachelewesha. Nikamsogelea. "Shikamoo mama. Omba ukaguliwe na mwanamke, pembeni."

Kijana akanigeukia. "Kwani wewe ni wakili wake?"

"Hapana afande. Ni abiria tu."

Alisita, kisha akamwita mwenzake wa kike. Wakaingia chumbani, na dakika mbili hazikufika wakatoka, mama ushungi wake kichwani, hana silaha wala nini. Usalama wa ndege haukupungua hata chembe. Kilichoongezeka ni heshima ya mtu mmoja.

Hata Wamarekani, ambao kila mtu anawasema kwa ukali wao, utaratibu wao ni kwamba anayempapasa abiria awe wa jinsia yake, na abiria anaweza kuomba afanyiwe faraghani. Sasa sisi tunaojisifia heshima kwa wazee tumeshindwa nini?

Njia nyingine ya kulegeza lengo ni kupekua pasipoti badala ya mtu. Siku ya Krismasi 2009 kijana wa Kinijeria, Umar Farouk Abdulmutallab, alijaribu kulipua ndege iliyokuwa inakaribia Detroit, bomu likiwa limeshonwa kwenye nguo yake ya ndani. Mwezi mmoja kabla, baba yake mzazi alikuwa amekwenda mwenyewe ubalozi wa Marekani mjini Abuja kutoa tahadhari juu ya mwanawe. Taarifa ilifika, haikufanyiwa kazi ipasavyo. Januari 2010 ikatoka amri: abiria wanaotoka nchi 14 wapekuliwe zaidi. Nigeria, Somalia, Sudan, Algeria na Libya zikiwamo. Yaani taifa zima la Nigeria likalipa, wakati Mnijeria mmoja ndiye aliyekuwa ametoa onyo! Amri hiyo iliondolewa Aprili mwaka huo huo.

Nyingine hazikuondoka haraka hivyo. Desemba 2001 mtu mmoja alipanda ndege Paris akiwa na baruti kwenye kiatu. Kuanzia mwaka 2006 Marekani ikawalazimisha abiria wote kuvua viatu, na ni Julai 2025 ndipo ilipotangaza kuachana na sharti hilo. Karibu miaka 19. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2015, vyombo vya habari vilifichua kwamba wakaguzi wa siri wa serikali yao walijaribu mara 70 kupitisha silaha na mabomu ya bandia, wakafanikiwa mara 67. Watu wamevua viatu, silaha zimepita.

Lakini viatu vinavalika tena. Kinachoninyima usingizi mimi ni simu.

Mwandishi wa habari akisafiri anabeba watu. Kwenye simu yangu na kompyuta yangu kuna muuguzi aliyenionyesha kumbukumbu za dawa, kuna karani aliyenipa nakala ya mkataba, kuna mkulima aliyeniambia nani kachukua shamba lake. Mimi sina cha kuficha. Wao wanacho, tena kwa sababu ya haki kabisa. Wakijulikana, wanapoteza kazi, na wengine zaidi ya kazi. Hapa ndipo ule msemo wa bwana mwenye hekima unapoanguka: siri iliyo mfukoni mwangu si yangu.

Na mpakani sheria inabadilika. Maofisa wa mpaka wa Marekani wanadai mamlaka ya kupekua simu bila kibali cha mahakama, ingawa Mahakama Kuu yao mwaka 2014 ilisema polisi wa mtaani anahitaji kibali hata kwa simu ya mtu aliyekamatwa. Katika mwaka wao wa fedha wa 2024 walipekua vifaa zaidi ya 40,000. Ni abiria wachache sana, chini ya mmoja kati ya 1,000. Lakini raia wao akikataa kufungua simu, simu inaweza kushikiliwa na yeye akaingia nchini kwake. Mgeni kama mimi akikataa, anaweza kurudishwa alikotoka.

Uingereza walifika mbali zaidi. Tarehe 18 Agosti 2013, pale Heathrow, walimshikilia David Miranda kwa karibu saa tisa, kikomo cha sheria yao ya ugaidi kwa wakati ule. Alikuwa mwenzi wa mwandishi Glenn Greenwald, aliyekuwa akiandika habari za nyaraka za Edward Snowden. Walimnyang'anya kompyuta, simu na flashi. Januari 2016 Mahakama ya Rufaa ilisema kumshikilia kulikuwa halali kwa sheria ilivyokuwa, ila sheria yenyewe haina ulinzi wa kutosha kwa kazi ya uandishi, na hivyo inapingana na haki ya kujieleza. Miaka miwili na ushee baadaye. Aliyekuwa kwenye flashi zile kama chanzo cha habari angesaidiwa nini na hukumu hiyo?

Simu haina bomu. Ikishapita kwenye eksirei na kuonekana ni simu, kazi ya usalama wa ndege imekwisha. Anayetaka kusoma kilichomo anatafuta kitu kingine, na kwa hicho kitu kingine aende mahakamani aombe kibali kama wengine.

Kwetu je? Karatasi tunazo. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda nafsi ya mtu, faragha yake na mawasiliano yake. Ibara ya 17 inampa raia uhuru wa kwenda atakako, hata kutoka nje ya nchi na kurudi. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuweka mipaka kwa ajili ya usalama wa umma, sawa kabisa. Mwaka 2022 tukatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Wakenya nao wana ibara ya 31 ya Katiba ya 2010, inayotaja upekuzi waziwazi.

Tatizo ni kwamba ukifika uwanjani hukuti hata neno moja la hayo. Unakuta bango kubwa lenye picha ya kisu, mkasi, kiberiti na chupa, kila kimoja kimepigwa mstari mwekundu. Hayo ni makatazo ya abiria. Mimi sijawahi kuona bango la makatazo ya mpekuzi.

Ombi langu kwa wanaohusika ni hilo bango la pili, tena kwa Kiswahili. Mistari minne inatosha. Utakaguliwa na mtu wa jinsia yako. Unaweza kuomba ukaguliwe faraghani. Unaweza kuuliza jina la mkaguzi na kupewa. Simu yako itakaguliwa kama kifaa, haitasomwa bila kibali. Chini iwekwe namba ya kupiga, na mtu wa kuipokea.

Mpaka litakapobandikwa, ukimwona mama mbele yako ameshika pindo la ushungi wake, usigune kwamba anakuchelewesha. Mwambie aombe mwanamke, pembeni. Ndege haitawaacha kwa dakika mbili.